Usizime Lori Kabla Halijachoma Masizi

Jalal,

Chapati ziko chini ya sahani. Chai ipashe moto, usinywe baridi kama marehemu babako.

Ukishiba, washa lori tena. Ile taa ya filta ya ekzosi, ile inayonasa masizi ya moshi, bado inawaka. Liache lingurume hapo kwa geti mpaka lichome masizi yote. Dizeli itaenda zaidi na kilomita kwa lita zitashuka kwa skrini, ndiyo kawaida yake likijisafisha. Nimesoma kile kitabu cha lori mpaka mwisho.

Asubuhi nilikufokea ulipolizima katikati. Hasira haikuwa juu yako, mwanangu. Uliogopa ile namba, kwa sababu bosi akiiona imeshuka anasema dereva amefyonza mafuta. Babako walimwita mwizi hivyo hivyo, mbele ya yadi nzima, akanyamaza. Mimi hata aliyecheka namkumbuka.

Na filta ikiziba, watasema umeharibu gari!

Nimetangulia Naivasha kumwona huyo bosi. ~~Usinifuate.~~ Njoo lori likimaliza, na uvae sweta. Utanikuta ofisini kwake, bado naongea.

Mamako