Barabara Iliyotuhama

Kwako Mama mpenzi,

Kabla sijakuamkia, nataka ujue kwamba nimefunga mlango na kuuegemeza kiti, kwa sababu ndani ya barua hii kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, wala kile kioo cha chumbani ambacho ndicho ninachozungumza nacho zaidi siku hizi. Nitalifikia. Nipe nafasi nijikaze kwanza.

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mdogo wangu, pamoja na Mama Mkubwa aliyewapokea. Kifua chako kimepoa? Uliniambia chumba cha kufulia mashuka ya hoteli kina mvuke mpaka mtu hamwoni mwenzake, nikawa nakuwaza ukikohoa ndani ya wingu. Na mdogo wangu je, bado analala na kiatu kimoja mguuni? Mimi sijambo. Baba naye hajambo, ila kikohozi chake cha asubuhi, kile cha gari bovu linalokataa kuwaka. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni ile ile moja, na tukizungumza Baba hukaa karibu akijifanya anafunga kamba za viatu ambavyo hata hajavivaa.

Uliniuliza habari za mji. Mama, mji unaendelea kuhama. Muuza vipuri ameondoka na duka zima, amebeba mabati, milango, hata kizingiti amekichokonoa, amebakiza shimo. Mwenye mgahawa naye amekwenda, lakini bango lake la kukaribisha watu amelisahau ukutani, basi linakaribisha upepo. Wote wamejenga vibanda kule nyuma ya vilima, kwenye barabara mpya. Waliobaki barabara yetu ni sisi, kinyozi, fundi cherehani na yule mbwa wa kituo cha mafuta, ambaye sasa analala katikati ya lami, miguu juu, kama bwana harusi. Kinyozi anasema mji wetu umekuwa mke mkubwa: heshima anapewa, ila hakuna anayelala kwake. Samahani Mama, si maneno yangu.

Zile alama nyekundu za kubomoa bado ziko kwenye kuta. Ukisimama juu kwenye tangi la maji ukatazama chini, mji mzima unaonekana kama daftari la mwanafunzi aliyekosa kila kitu.

Shuleni tumeingia mada mpya ya Jiografia, ya watu na mahali wanapokaa. Mwalimu anatufundisha kwa ile lugha ya shule, na mimi, kama kawaida yangu, natafsiri kichwani ili nijue kama kweli nimeelewa. Alisema watu hawahami ovyo ovyo. Kuna mambo yanayowasukuma watoke mahali, na mengine yanayowavuta waende kwingine, na barabara ina nguvu ya kuvuta kuliko hata mto. Kwa lugha hiyo kuna neno la mji kama wetu, neno la kitaalamu kabisa, linapendeza likiandikwa ubaoni. Nilipolileta kwenye lugha ya nyumbani likawa "mji uliopitwa," nikaona bora niliache kule kule.

Kisha akaomba mfano. Darasa zima likageuka kunitazama mimi.

Aliyeinuka kujibu alikuwa mtoto wa kiume wa yule mwenye mgahawa. Mama, hadithi yenyewe unaijua kuliko mimi, lakini nilipoisikia ikisimuliwa na mdomo mwingine ilikuwa kama ya watu nisiowajua. Alisema hapo zamani serikali ilitaka kupanua barabara inayopita mjini, ikabidi vyumba vya mbele vya maduka vibomolewe. Wenye maduka wakakataa. Walikuwa na mwenyekiti wao, fundi wa matairi, mtu wa maneno, aliyesema hatoki mtu na halitoki tofali. Siku maofisa walipokubali wakakunja ramani zao, watu walimbeba mwenyekiti mabegani mpaka mbele ya kituo cha mafuta. Baada ya hapo maofisa wakakunjua ramani zile zile upande mwingine, wakaipitisha barabara nyuma ya vilima. Akamalizia kwamba mji ulishinda kesi ukapoteza barabara. Watu wakacheka. Mwalimu akasema hakuuliza habari za mtu, ameuliza habari za mahali, lakini ilikuwa imeshamwagika, nayo haizoleki.

Tangu siku hiyo wananiita Binti Mwenyekiti. Mmoja aliniuliza siku hizi baba yangu anaongoza kikao cha nani, cha nzi? Nilikuwa na jibu zuri sana. Lilinijia nilipofika nyumbani.

Sikuandiki ili unihurumie. Nataka tu ujue jinsi siku zilivyo. Nikitoka shule natembea barabara nzima nikisikia ndala zangu mwenyewe. Baba anaondoka alfajiri, amevaa lile koti la mikutano, na begi kubwa la makaratasi ya kesi begani. Anasema anakwenda ofisi ya wilaya kufuatilia ombi lake, kwamba magari makubwa yalazimishwe kupita mjini. Anarudi jua likizama, amechoka, lakini ana habari njema kila mara. Bwana mkubwa amemwahidi, faili limesogea meza ya pili, subira yavuta heri. Nami namwitikia. Siku ulipoondoka uliniambia nibaki kwa sababu mtu haachwi peke yake na ukaidi wake. Nimebaki Mama, lakini ukaidi ndio unaokwenda naye kazini, mimi naachwa na nyumba.

Pia nayakumbuka maneno uliyomwambia yeye pale mlangoni, mdogo wangu akiwa mgongoni: kwamba huwezi kula matumaini ya magari, na kwamba hurudi mpaka aseme kwa kinywa chake kuwa barabara imeondoka. Tangu hapo hakuna simu yako ambayo hukuniuliza kwa sauti ya chini kama amesema. Najibu bado. Leo pia jibu ni bado, ila kuna zaidi, na hapa ndipo penyewe.

Wiki iliyopita mwalimu alitupeleka nyuma ya vilima kuhesabu magari. Ni somo, Mama, si mchezo. Unasimama kando ya barabara na karatasi, kila gari likipita unachora kijistari, ya abiria kwake, ya mizigo kwake, halafu darasani unaeleza mji gani unakua na upi unakufa. Alitupanga wawili wawili. Mimi nikapangwa na binti wa muuza vipuri, tukapelekwa mbali na wenzetu, karibu na kalavati kubwa, mahali malori yanapomalizia mteremko.

Sikuwahi kuiona barabara ile. Ni pana, Mama, na nyeusi, na ina sauti. Nilijikuta nimefurahi, nikajionea aibu, kama mtu anayecheka msibani.

Ng'ambo ya barabara, kando ya kalavati, lori lilikuwa limesimama, gurudumu limefunguliwa. Kwenye kichaka palitundikwa koti, limegeuzwa nje ndani ili lisishike vumbi, limekunjwa mabega vile unavyolikunja wewe. Nililijua koti kabla sijamjua mtu. Begi la makaratasi lilikuwa wazi pembeni, na ndani yake mlijaa spana, viraka na kopo la gundi. Baba alikuwa amepiga goti mbele ya beseni la maji, anazungusha tyubu kutafuta pale upepo unapotokea, huku akimtania dereva. Dereva akamjibu kitu. Baba akacheka.

Mama, sijakisikia kicheko kile tangu uondoke. Nilisahau kwamba kinaanzia puani.

Nikamkumbuka niliyesimama naye. Binti wa muuza vipuri alikuwa ameinamia karatasi yake, anahesabu. Angeinua macho tu, jioni hiyo hiyo kibanda cha baba yake kingekuwa na habari ya kuuza kuliko vipuri: Mwenyekiti aliyeapa kwamba mguu wake hautakanyaga barabara ile, anaziba pancha pembezoni mwake kama panya. Sikujua la kufanya. Basi nikafanya jambo ambalo hunijui nalo. Nikasimama mbele yake, nikaanza kuzungumza.

Nilizungumza, Mama! Mimi, ambaye uliniita Chiriku kwa kunikejeli. Nilimweleza habari za mbwa wa kituo cha mafuta. Nilimweleza mdogo wangu na kiatu chake. Nilimuuliza kama anadhani lori lenye tela linahesabiwa moja au mawili, nikabishana naye, nikamwambia nywele zake zimependeza, nikamwigizia mwalimu anavyofuta ubao kwa kiwiko. Akacheka mpaka akakalia jiwe, mgongo kwa kalavati. Magari yakapita bila kuhesabiwa. Alisema kumbe mimi ni mtu wa vituko hivi, na siku zote alidhani najidai kwa sababu sisemi. Sasa ananisubiri getini kila asubuhi. Yeye anadhani tumekuwa marafiki, na mimi sijui nimwite nani mtu niliyemchekesha ili asigeuke.

Katikati ya maneno yale Baba aliinua kichwa. Lori likapita kati yetu, na lilipokwisha kupita alikuwa bado ananitazama, tyubu mkononi, maji yanamtiririka. Kisha akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akanigeuzia mgongo. Na mimi nikageuka nikaendelea kuongea.

Jioni alirudi saa zile zile na koti lake. Nikapakua chakula. Aliniuliza shule ilikuwaje, nikasema tulijifunza habari za usafiri. Akasema enhe. Nikamuuliza ofisini je, akasema faili linasogea. Nikasema enhe. Tulikula kama watu wawili wanaopitisha kabati kubwa kwenye mlango mwembamba, kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kusema taratibu.

Sasa nikuungamie lililobaki, ambalo ndilo linalonikosesha raha. Uongo wake haukuniuma. Kilichoniuma ni kicheko. Kumbe ana mahali pa kwenda kucheka, ana watu wa kuwatania, na kila siku ananiacha katika mji uliopitwa nimlindie heshima yake, nipokee mimi masimango ya Mwenyekiti. Nilimwonea wivu baba yangu mwenyewe. Nilitamani nivuke barabara nikae kando ya lile beseni, nisiseme kitu, nimshikie tu viraka. Na nilitamani aniite. Angeniita kwa mkono tu, Mama, ningevuka.

Kwa hiyo nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Usingoje aseme. Watu walimbeba mabegani kwa neno lile lile unalotaka alimeze, nalo ni kubwa kuliko koo lake. Mikono yake imeshasema. Panda basi uje. Mabasi hayafiki tena mjini, yanapita kule nyuma ya vilima. Mwambie kondakta akushushe kwenye kalavati. Mkute pale kama mtu aliyepotea njia, umwamkie, mdogo wangu amrukie mgongoni, na mengine yatajiongea yenyewe. Ila usimwambie ni mimi niliyekuambia. Akijua nimeonyesha siri yake hata kwako, sijui kama atanitazama tena usoni, na nyumba hii haina uso mwingine wa kunitazama.

Fundi cherehani ndiye atakayekuletea barua hii. Kesho anakwenda huko kununua vitambaa. Amesema nisiwe na wasiwasi, yeye hasomi ya watu, ya kwake yanamtosha.

Nisalimie sana Mama Mkubwa, mwambie mashavu yangu bado yanakumbuka anavyoyafinya. Mbusu mdogo wangu, mwambie avue kiatu. Wewe mwenyewe funika kifua ukitoka kwenye mvuke. Nakupenda, na nakungoja kwa namna ambayo sitajaribu kuiandika.

Ni mimi mwanao.

Mama, nasikia hatua za Baba uani. Leo hakwenda popote, ameshinda nyuma ya nyumba akinoa visu ambavyo havikuwa butu. Anakuja huku. Amesimama mlangoni. Amebisha hodi, yeye asiyebisha hodi nyumbani kwake.

Ameuliza kama mwalimu atatupeleka tena kuhesabu magari. Nimemjibu kesho kutwa. Nimedhani ameondoka. Sasa anasema, polepole, kama anaongea na ubao wa mlango, kwamba pale tuliposimama si pazuri, malori yanashuka kwa kasi, wiki jana moja liliserereka. Anasema nimwambie mwenzangu tuvuke, tusimame upande wa pili. "Pale kwangu," anasema, "kuna kivuli na kuna kibao cha kukalia."

Nimesema ndiyo Baba. Hajaondoka. Anausukuma mlango, kiti kinateleza, naificha kar