Jina Ambalo Mama Nyamizi Hakuliandika

Usinge, Kaliua
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeamka vizuri na magoti yamepunguza kukusumbua. Je, umeacha kupanda ngazi kuchuma machungwa, au nimwulize Kaka Bakari anipe ukweli? Mimi ni mzima wa mwili. Sikupigi simu kwa sababu mtandao huku tunaupata juu ya kichuguu kimoja tu nyuma ya zahanati, na pale kuna foleni ya watu wanaosikiliza kila neno. Haya siwezi kuyasema mbele yao.

Mama, nina upweke. Nyumba niliyopewa ni nzuri, bati jipya, lakini nikifunga mlango sina hata wa kumwambia kwamba chumvi imezidi. Kazi yangu unaijua: kuwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini kuandika habari za kaya kwenye simu badala ya daftari. Mmoja wao, Mama Nyamizi, alinifanya mdogo wake. Kila akija mafunzoni alinifungia ugali na uyoga kwenye kitambaa, tukala wawili, akinicheka ninavyomega tonge dogo la watu wa Muheza. Huyo ndiye nimempoteza, tena kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wiki tatu zilizopita niliwaambia kila mmoja ajaribu kuandikisha kaya yake. Simu inataka majina matatu ya mkuu wa kaya, bila hivyo haiendelei. Nikachukua simu ya Mama Nyamizi nikasoma kwa sauti: jina la kwanza Baba, la pili Baba, la ukoo Baba. Nikacheka. Darasa nalo likacheka. Nikamwambia, "Dada, kama kusoma kunakupa shida ungesema tu." Aliichukua simu mkononi mwangu, akaiweka mezani taratibu, akajitanda khanga yake, akaondoka.

Nesi wa zahanati ndiye aliyenieleza. Mkuu wa kaya ile ni baba mkwe wake, na kwa mila za kwao mke haruhusiwi kulitamka wala kuliandika jina la mkwewe. Kwenye daftari aliandika "Baba" miaka yote, na zahanati nzima ilijua ni nani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikaazima baiskeli, nikaenda kwake na ile simu aliyoiacha mezani. Mzee alikuwa uani anachambua tumbaku. Nilipiga magoti, nikamweleza kosa langu lote, sikuficha kitu. Akasema, "Lete hiyo simu. Andika wewe, binti. Mihambo Kapela Masanja." Mama Nyamizi alikuwa anapepeta mahindi hapo hapo. Mzee alipofungua tu kinywa kujitaja, yeye aliweka ungo chini akaingia jikoni, akatoka tulipomaliza.

"Nisamehe, dada," nikamwambia.

"Kazi nitafanya," akajibu, akiichukua simu. "Watu wa kitongoji hiki hawajanikosea. Ila ugali utajipikia."

Sasa Mama, taarifa zake ndizo safi kuliko za wote. Kila jioni zinaingia: nani ana homa, nani amekaribia kujifungua. Mafunzoni anakaa nyuma na kuniita "Mwalimu". Zamani nilikuwa Zuhura. Wakubwa wa mradi wamenipongeza kwa sababu ya kazi yake. Niliisoma pongezi yao nikalia.

Msalimie Baba, na mwambie ile redio asimpe fundi yeyote mpaka nirudi. Mpe shikamoo yangu Shangazi wa mashine ya kusaga. Salma mdogo wangu asikimbie hesabu.

Jibu lako likabidhi ofisi ya basi, litanifikia. Nakumbuka wewe na Mama Mkubwa mlikaa mwaka mzima bila kusalimiana, kisha siku moja nikawakuta mnasukana. Sikuuliza ilikuwaje. Mimi "nisamehe" nimeshaisema, na haikutosha. Niambie, Mama, baada ya neno hilo mtu anafanya nini.

Ni mimi mwanao,
Zuhura