Pumzi za Lyamba

Mwanza, 6 Mei 1996

Kaka Masunga,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Matilda na watoto mnaendelea. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia. Taarifa ya baba ilinifikia nyie mmeshamzika. Nasikia walimkatia zizini, mikono yote miwili. Nani hao?

Hapa wodi ya mahututi tumeletewa mtu kutoka Mpanda, huko huko kwenu, kwa ndege ya misheni, analindwa na askari. Anaitwa Lyamba, wa kijiji cha Litapunga. Wanasema ni mwizi wa ng'ombe, wananchi walimkanyaga kifua mpaka mbavu zikaingia ndani. Mapafu yamejaa damu na maji. Hewa inaingia lakini damu haiipati. Mashine ndiyo inampumulia. Daktari amenikataza kumpa pumzi kubwa. Pafu lililobaki zima ni dogo kama la mtoto, ukilisukuma kwa nguvu linapasuka. Tunampa kidogo kidogo, haraka haraka, na tunaacha presha kidogo ndani ili vifuko vya hewa visijifunge. Hewa chafu inabaki nyingi mwilini, tunaivumilia.

Je, unamjua?

Mdogo wako,
Suzana


Mamba, 17 Mei 1996

Mdogo wangu Suzana,

Marahaba. Huku tupo, ila mama hali chakula.

Namjua. Huyo ndiye aliyemkata baba. Tulimkamata kwenye mpunga, miguu imenasa matopeni. Mimi mwenyewe nilimrukia kifuani kwa magoti, nikasikia mbavu zinavunjika. Nilitaka kummaliza, polisi wakatokea.

Sasa Mungu amemleta mikononi mwako. Umesema pumzi kubwa itampasua. Basi mpe pumzi kubwa. Nani atajua? Asiamke huyo, Suzana. Asiongee tena na mtu.

Kaka yako,
Masunga


Mwanza, 26 Mei 1996

Kaka,

Shikamoo. Mwambie mama anywe hata uji, kwa ajili yangu.

Barua yako niliisomea stoo ya dawa, nikatoka moja kwa moja mpaka kitandani kwa Lyamba. Askari alikuwa ameenda kunywa chai. Nikashika kitufe cha kiasi cha pumzi, nikakizungusha. Kifua kikainuka juu, mshale wa presha ukaruka, kengele ikalia. Damu ikapanda kwenye mpira wa kooni. Nikamwambia, "Hii ni ya mikono ya baba yangu."

Akafungua macho. Sauti hana, lakini vidole vyake vilikamata gauni langu, havikuachia.

Nikakirudisha kitufe. Nikaivuta damu kooni mwake kwa mpira huku nalia, nikakaa naye mpaka midomo ikaacha kuwa ya bluu. Nesi mwenzangu Immaculata akaja mbio. "Kengele ya nini?"

"Mpira ulijikunja," nikasema.

Siwezi, kaka. Nilitaka afe, na mkono ukakataa. Mapafu yake yameanza kulainika, sasa anavuta pumzi nyingine mwenyewe. Karibu tutamtoa kwenye mashine. Polisi wanasubiri awataje wenzake. Si ndiyo vizuri, tuwajue wote?

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Suzana


Mwanza, 14 Juni 1996

Masunga,

Hukunijibu.

Lyamba anapumua mwenyewe. Kwanza aliomba maji. Halafu askari akakaa karibu naye, mimi nimeshika barakoa ya oksijeni.

"Nani aliwafungulia zizi?"

"Masunga. Alisema mzee amekataa kumgawia ng'ombe, tuwachukue tugawane."

"Na mzee mlimkatia nini?"

"Alitoka na mkuki. Masunga akasema, 'Mkate, ameniona.' Baadaye wananchi walipotukimbiza, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunirukia."

Askari akauliza ni Masunga gani. Lyamba alikuwa amechoka, pumzi zimekuwa fupi. Nikamrudishia barakoa, nikajibu mimi. Nikasema ni kaka yangu, nyumba yake iko nyuma ya kanisa pale Mamba, na mlango wa uani haufungiki vizuri.

Polisi wanakuja kwa treni, nami nakuja nao. Barua hii utapewa na askari, ukiwa umeshafungwa pingu. Mama usimwambie chochote, wala usimtume mtu. Nitamwambia mimi mwenyewe, nimemshika mkono.

Mtoto wa marehemu Nkwabi,
Suzana