Ngamia Aliyesingiziwa

Garissa, Jumanne jioni

Na daktari naye! Kupima tu kwa rula kwenye picha ya eksirei, akatangaza: "Mzee, kifuu cha goti kimekaa juu mno. Ulizaliwa hivi. Goti hili halijawahi kupigwa teke."

Ndugu yangu Abdi alikuwa kando yangu. Miaka sitini amekamua ngamia peke yake, amesimama kwa mguu mmoja kama desturi yetu, chombo juu ya goti la mguu aliouinua, kwa kuwa nilidai ngamia wetu alinipiga teke akanivunja goti langu.

"Walaal, ndugu yangu," akauliza Abdi, "na yule ngamia tuliyemchinja kwa kosa hilo?"

Nikakiri. Nilikuwa mvivu tu. Nakaribia kaburi, nahitaji msamaha wake.

"Nimekusamehe. Lakini usife kabla ya alfajiri. Unakamua."

Jioni hii nimejaribu kusimama kwa mguu mmoja, sufuria gotini. Abdi alinishika kiuno, tukacheka mpaka tukaanguka wote.