Mtu wa Kuangalia Udongo

Papa Wilondja,

Mke wako, Mama Riziki, yuko mzima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Ukuta wa shule ya Lweba umekwisha. Mvua kubwa zimeupiga na haukutikisika, na watoto wanasoma chini yake bila wasiwasi. Hayo ndiyo mazuri. Yaliyobaki nimeyachelewesha miezi minane.

Ulinifundisha kazi kabla sijaenda kusoma ujenzi Bukavu. Siku ya kwanza ulinipa bidoni, ukanituma ziwani kuchota maji, tena na tena, mpaka mabega yakawaka. Halafu ukauliza nimekwenda mara ngapi. Nikasema kumi na moja. Ukacheka: "Sasa unajua mama mumoja anaweza beba mara ngapi. Usiandike kumi na mbili."

Hivyo ndivyo ulivyohesabu watu. Hukuanza na karatasi. Ulizunguka kiwanja chote, ukauliza maji yako mbali kiasi gani, njia inapanda au inashuka, nani ametoka kuugua malaria, nani amefiwa. "Bantu munane ba Jumatatu ni bantu sita," ulisema, hasa kama Jumamosi kulikuwa na ndoa kule mjini Baraka. Na kila palipokuwa na kuchimba, uliongeza mtu mmoja asiyeshika koleo. Kazi yake kusimama juu ya shimo na kutazama udongo. Mara nyingi mtu huyo ulikuwa wewe mwenyewe. "Udongo haina rafiki. Mwenye iko chini haone ya juu."

Nilirudi na diploma. Nikawa msimamizi wa kazi, wewe ukawa kapita wangu, kiongozi wa vibarua. Ulianza kuniita Chef, yaani mkubwa, mbele ya watu. Naona haya kuandika hivi, Papa, lakini nilipenda. Nilipenda sana.

Ile kazi ya Lweba, mlima nyuma ya madarasa ulikuwa unateremka kidogo kidogo kila masika, na sisi tulitakiwa kuchimba msingi wa ukuta wa kuuzuia. Shimo refu kupita kichwa cha mtu. Niliandika orodha kama ulivyonifundisha: wachimbaji saba, mwangalizi mmoja, siku sita. Mkubwa wetu wa Bukavu alipofika aliweka kidole kwenye mstari wa mwangalizi. "Na huyu anafanya nini?" Nikajibu kwamba anatazama udongo. Akacheka, na wenzake wakacheka. "Asukulu, wewe umesoma, na bado unaandika muntu wa kutazama?"

Hakunilazimisha. Hilo sijamwambia mtu. Hakuniambia futa. Alicheka tu, akageuka kuangalia mambo mengine. Mkono uliofuta ni wangu. Niliandika wachimbaji wanane, siku tano, na nikajiona mtu wa akili.

Asubuhi ulisoma ile karatasi, ukauliza, "Muangalizi iko wapi?" Nikakwambia mambo yamebadilika, siku hizi tunahesabu mikono inayofanya kazi. Ungeweza kunigombeza. Mimi ni kama mtoto wako, ungeweza hata kunichapa mbele ya wote, nisingenung'unika. Ulikunja tu mikono ya shati. "Basi Chef, nitachimba na jicho moja juu." Ukashuka.

Siku ya nne mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Sikuahirisha kazi, maana nilikuwa nimeahidi siku tano. Nilikuwa upande wa pili wa shule nikipima mawe niliposikia mama mmoja wa maji akipiga yowe. Yeye ndiye aliyeuona ufa kule juu, akipita tu na bidoni yake kichwani. Saba walitoka. Wewe ulikuwa kwenye kona ya mwisho.

Tulikufukua kwa mikono, tuliogopa kukuumiza kwa majembe. Nilikushika kifua. Kilikuwa na joto bado. Papa, kilikuwa na joto... Hatukufika na wewe hospitali ya Baraka.

Kwenye ripoti niliandika neno moja: mvua. Si uongo, mvua ilinyesha. Kwenye matanga mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu, na mimi nikaitika amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Mama Riziki aliniketisha na wanao. Akanipakulia kwanza, bugali na ndakala, dagaa wa ziwa letu. "Kula, mutoto wetu. Ni wewe ulikuwa naye." Nilikula. Sijui kilipita wapi, lakini nilikula.

Mwezi uliopita tulipewa kazi nyingine, misingi ya daraja dogo kwenye barabara ya kupanda Fizi. Niliandika wachimbaji kumi, na juu yao wote nikaandika mwangalizi. Mkubwa akauliza swali lile lile. Nikamwambia ndiye mtu wa kwanza wa kazi hii, na kama anamtoa, anitoe na mimi. Hakucheka. Akatia sahihi. Ndipo nilipoumia, Papa. Ilikuwa rahisi hivyo. Maneno yale yale yangetosha Lweba.

Jumapili nilikwenda kwa Mama Riziki baada ya ibada. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimweleza yote: orodha, kicheko, mkono wangu, ripoti. Hakulia. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, halafu akaweka ungo chini.

"Lubunga anajua?"

Sikuelewa. Lubunga ndiye aliyekuwa anachimba karibu na wewe. Nilidhani aliacha kazi kwa woga.

"Alikuja hapa akapiga magoti," Mama akasema. "Anasema ni sururu yake ndio iliangusha udongo. Alipiga mara moja, ikaanguka. Ameacha kazi, ameacha kanisa, iko kwa wakwe zake kule Fizi, haongee na muntu. Miezi munane anabeba kifo ya bwana yangu, na wewe unanyamaza?"

Nilianza kumwomba msamaha. Alinizuia kwa mkono.

"Usianzie kwangu. Nenda kwa Lubunga. Ukitoka kule, utarudi hapa, na mimi nitaona."

Hakunipa hata maji. Ilikuwa haki. Nilitoka nikatembea mpaka nyumbani, watu njiani wananisalimia Chef, Chef, nami siwezi kuinua kichwa.

Papa, nimekwisha kuandika ripoti nyingine. Ndani yake mvua ipo, na jina langu lipo. Asubuhi naipeleka kwa mkubwa, na kutoka hapo napanda pikipiki kwenda Fizi. Sijui Lubunga atanifungulia. Akinifukuza nitakaa nje ya nyumba ya wakwe zake mpaka anisikilize, maana nakuahidi hili mbele ya Mungu: sitashuka mlima ule kabla hajajua kwamba sururu yake haikukuua.

Lala, Papa. Usinijibu bado. Mimi ni

Asukulu, uliyemfundisha.