Pikipiki Aliyokuachia Babu

Mjukuu wangu Baraka,

Nakusalimu kutoka huku ughaibuni, Barking. Shangazi yako hajambo, kazi za kulea wazee zinamchosha tu. Mimi magoti yananisumbua, lakini natembea.

Umeuliza kama ni sawa kutoboa injini ya pikipiki ya marehemu babu yako, maana meno ya tundu la bolti yamelika na bolti inazunguka bure. Unaogopa haitakuwa tena ile aliyokuachia.

Yeye mwenyewe aliwahi kuitoboa. Tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza, Neema, na babu yako akawa hasemi na mtu. Siku moja alikaza bolti ya injini ile kwa nguvu mpaka meno yakakatika. Akapanua tundu kwa drili, akachonga meno mapya, akaingiza koili ya chuma, kama springi ndogo, ndiyo ishike bolti.

Nikamuuliza, "Itashika kama zamani?"

"Itashika," akasema. "Kama zamani, hapana."

Kisha akaniambia nipande. Tukaenda makaburini, mara ya kwanza tangu maziko. Nilimshika kiunoni, na njia nzima nikausikia mgongo wake ukitetemeka kwa kilio. Hapo ndipo na mimi nilipoweza kulia.

Toboa, mjukuu wangu. Mungu aiongoze mikono yako.

Bibi yako,
Tabu