Kengele Haikulia Gerejini

Jumatatu, 9 Machi

Juzi Jumamosi mchana nyumba iliteketea, bibi mmoja akiwa ndani. Chumba cha simu hapa kituoni kilituma taarifa saa saba na dakika nne. Kompyuta ya gereji, yanakokaa magari ya zimamoto, haikulia kengele. Gari la zimamoto liliondoka dakika kumi na tisa baadaye, jirani wa yule bibi alipokuja mwenyewe na pikipiki, akipiga kelele getini.

Mkuu wa kituo kashaamua: Bi Kengele alilala zamuni. Ndivyo tunavyomwita mama anayekaa kwenye ile kompyuta — miaka kumi na moja, hajawahi hata kuchelewa. Kasimamishwa. Kamati inakaa Ijumaa. Mimi, fundi wa mtandao, nimeambiwa nikusanye mipangilio ya mtandao ya kila mashine jengoni, kwa ajili ya faili tu. Faili!

Jumanne, 10 Machi

Mashine kumi na saba leo. Keti, andika amri, subiri, hifadhi kwenye flashi, nyanyuka. Jina la mashine, anwani yake kwenye mtandao, makosa iliyoyarekodi kwa siku saba. Karani wa stoo kaniuliza kama nawasaka wanaocheza karata kazini. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Bi Kengele kanipigia simu. Hakulalamika. Aliuliza tu: mwanangu, unaiamini mashine au unaniamini mimi? Nikasema nakuamini wewe, mama. Nilisema kweli.

Jumatano, 11 Machi

Nimeiona. Bora nisingeiona.

Kompyuta ya gereji: tangu Ijumaa iliyopita, saa tisa alasiri, kuna mashine nyingine inatumia anwani yake hiyohiyo. Mtandao haujui taarifa iende kwa nani — mara huku, mara kule. Jumamosi ikaenda kule. Na kule ni ile mashine ya alama za vidole mlangoni, ya kujua nani kawahi na nani kachelewa. Niliifunga mimi. Kwa mikono yangu hii!

Nakumbuka vizuri. Mkuu alikuwa kanisimamia kichwani: haraka, wageni wa makao makuu wanakuja. Daftari la anwani limo kabatini kwangu, sikulifungua. Nilichagua namba, nikaipigia hodi kutoka kwenye kompyuta yangu. Kimya. Nikajiambia, hii haina mwenyewe. Kumbe anayo! Kompyuta ya gereji ilikuwa imezimwa, wafagiaji wanapiga deki.

Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nimezichapa karatasi zote.

Alhamisi, 12 Machi

Asubuhi nimebadilisha anwani ya mashine ya mlangoni. Dakika mbili. Dakika mbili tu! Nikaijaribu kengele ya gereji mara sita, ikalia mara sita, madereva wakanitukana.

Nikampelekea Mkuu karatasi za jana. Akasoma zote, akavua miwani. Akasema mashine ya gereji ni nzima, jengo zima limeisikia leo. Ripoti ya kamati ianzie leo, makosa ya siku moja yanatosha. Yaani baada ya mimi kurekebisha, hitilafu isionekane. Nikaenda kuichapa hiyo ya siku moja. Mwoga mkubwa mimi.

Nimemweleza mke wangu. Alikuwa anakunja nguo za watoto. Akasema niseme. Halafu akasema nisiseme. Halafu akalia.

Ijumaa, 13 Machi

Saa tatu asubuhi. Niko kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano. Bahasha mbili mapajani: ya Jumatano, yenye kosa langu, na ya jana, isiyo na kosa. Naandika nikisubiri kuitwa.

Bi Kengele yuko kando yangu. Kavaa sare, kaipiga pasi, ingawa kakatazwa kuivaa. Benchi la pili kakaa mtoto wa yule bibi aliyeungua — mtu mzima, ana mvi, mikono yote miwili imefungwa bandeji. Aliingia ndani ya moto, wanasema. Hajamtazama mtu.

Bi Kengele ameninong'oneza sasa hivi. Amewaza sana, labda kweli alisinzia. Umri huu, mtu hajijui. Mwanangu, wewe ndiye uliyezikagua hizo mashine, niambie. Kama nililala nikamwombe radhi yule baba, nisiingie mle ndani na mzigo huu.

Nimeziinamia bahasha. Ameuchukulia ukimya wangu kuwa ni jibu.

Ananyanyuka. Mlango umefunguliwa, karani anamwita fundi wa mtandao aingie. Bi Kengele keshainama mbele ya yule baba — nisamehe, ni mimi — na mimi bado naandika.